Sindano ya Nne ya Shija

Mwaka niliooa, baba yangu alipotelewa na maksai. Tulikuwa tukikaa upande wa Kishapu. Maksai mwenyewe alikuwa mwekundu, pembe ya kulia imevunjika, sikio lina alama mbili za kisu. Baba akaniambia nisirudi bila yeye. Mke wangu alikuwa hajamaliza mwezi nyumbani kwetu, hata hajajua napenda uji wa namna gani. Nikatembea siku nne. Kila kaya nasalimia, nataja alama, napewa maji, naambiwa hajapita hapa. Siku ya tatu katambuga zikakatika, nikaendelea peku. Siku ya nne nikamkuta kijijini Samuye, kwa mzee mmoja mpole sana, amefungwa pamoja na ng'ombe wa mzee, amenenepa kuliko alivyotoka kwetu. Mzee akanieleza kwamba alikuwa anamtunza tu mpaka mwenyewe aje. Sikubishana. Mtu akikutunzia mali mpaka ikanenepa, unamshukuru na unaondoka upesi.

Wakati wa kurudi nikamkuta mwanamume amekaa kando ya njia, baiskeli imelala, gurudumu limepasuka. Jua kali kabisa, lakini yeye mwenyewe kakaa juani na kivuli kidogo kilichokuwapo kakipa boksi la bluu. Nikajua huyu ama ni mwendawazimu ama boksi lina kitu. Alikuwa Tabibu Mayunga wa zahanati ya huko. Akaniuliza kama najua njia za mkato. Nikamwambia kwa siku nne hizi sijui kitu kingine. Basi akaniambia nibebe boksi, nisilitikise, nisiliweke juani, nisilifungue hata likiniita kwa jina. Nikalibeba kichwani, mkono mmoja nimeshika kamba ya maksai. Tulipofika aliangalia kipimajoto ndani ya boksi kabla hajaniangalia mimi, na alipokwisha kukiangalia akaniuliza kama nataka kazi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii ambayo nimeistaafu mwezi wa sita. Nawaandikia ninyi wahudumu mliobaki, kwenye daftari la kaunta alilonipa binti yangu ili nikae chini. Anasema nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni kweli. Darasa langu ni la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimepishana, zipisheni nanyi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa jokofu. Ninyi mna la jua, linajiendesha lenyewe, ninyi mnafuta vumbi tu. Letu lilikuwa la mafuta ya taa. Chini lina tangi na utambi kama wa taa, moto unawaka, na juu kunakuwa baridi. Nilimwuliza tabibu mara tatu kama hajakosea kuniambia. Moto ukiongezwa, baridi inaongezeka. Sasa mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya mafiga matatu utamfundishaje hilo? Mwezi wa saba, asubuhi ya upepo, niliona jokofu limepoa sana, nikafikiri linahitaji kupashwa kidogo. Nikaongeza moto. Kesho yake chanjo za pepopunda zilikuwa barafu.

Tabibu Mayunga hakupiga kelele. Alichukua chupa mbili, moja niliyoigandisha ikayeyuka na moja nzima iliyotoka wilayani, akazitikisa, akaziweka mezani tukakaa kuziangalia. Nzima ilibaki kama maji ya mchele. Yangu ilishuka vipande vipande, juu maji matupu, chini mashapo. Akaniambia hiyo ukimchoma mama mjamzito atasikia maumivu ya bure na atarudi nyumbani akidhani ana kinga. Afadhali mtu anayejua kuwa hana. Fanyeni hivyo mpaka leo mkiwa na shaka na chanjo za namna hiyo. Msione aibu kutikisa.

Siku hiyo ndipo nilipomwuliza, sasa ile nzima ikiingia mwilini inafanya nini. Nilikuwa nafikiri chanjo ni dawa, inaingia inamsubiri mdudu, akija inamuua. Akaniambia hapana. Chanjo ni mfano tu wa adui, adui aliyekwisha kuuawa au kipande chake. Kazi inafanywa na wenyeji. Ndani ya uboho wa mifupa zinazaliwa seli za kinga, yeye aliziita seli B, nami sijawahi kujua A ilikwenda wapi. Kila moja inazaliwa na umbo moja tu la kushikia. Moja inaweza kushika mdudu wa pepopunda na si kingine. Nyingine surua na si kingine. Nyingine zinashika kitu ambacho hakijawahi kufika Shinyanga na pengine hakitafika. Zinazunguka kwenye damu, zinalala kwenye matezi, zinasubiri. Ile iliyokutana na wa kwake inaamka, inajigawa, zinakuwa mbili, nne, mpaka kundi. Halafu nyingi kati yao zinaanza kutoa kitu kinachoitwa kingamwili. Hizo zinamwagika kwenye damu na kumng'ang'ania mdudu yule asiweze kuingia popote, na walaji wakubwa wa mwili wakimwona amebandikwa hivyo wanammeza.

Mimi kilichonikosesha raha ni zile zinazosubiri. Nikamwuliza, hiyo ambayo wa kwake haji, inafanyaje? Akasema inazunguka, inakufa, nyingine inazaliwa. Nilitoka nje nikafagia uwanja mara ya pili.

Nimeruka jambo. Nilitaka kuwaambia habari za Mama Limi, na nimekuwa nikilikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Mama Limi alikuwa mkulima wa pamba, jirani wa zahanati, mwanamke wa maneno mengi na kicheko. Aling'atwa mguu na mbwa asiyejulikana. Tabibu alimwosha, akampeleka wilayani akapata sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na ya pili akaifuata mwenyewe. Ya tatu ilipofika siku yake, pamba ilikuwa imepasuka shambani na kidonda kilikuwa kimefunga. Tabibu akanituma nikamkumbushe. Nilifika jioni karibu na mji wake, nikasikia kicheko chake ng'ambo ya ua, anawatania wasaidizi wake kwamba wanachuma pamba kama wanambembeleza mtoto. Nikasema moyoni, mtu anayecheka hivi ni mzima, nitamwambia kesho. Kesho nikatumwa kwingine. Sikumbuki hata nilitumwa wapi.

Alikuja zahanati pamba ikiwa imekwisha kuuzwa. Alisema kovu linawasha. Nikampa kikombe cha maji, akakiangalia, koo likamkaza, akakirudisha taratibu juu ya meza kwa mikono miwili. Tabibu Mayunga alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kikombe, akaniona mimi. Mpaka anahamishwa hakulitaja jambo hilo. Mtu wa kichaa cha mbwa akifikia kuogopa maji, haponi. Mama Limi hakumaliza wiki.

Baadaye nilielezwa vizuri, na ninyi lieleweni hapa. Ugonjwa huu hautembei kwenye damu. Unajibanza kwenye nyama ya kidonda, kisha unaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda taratibu kwenda kwenye ubongo, wiki, miezi. Ukiwa bado nje ya mishipa ile, kingamwili zinaukamata. Ukishaingia, unapita ndani kwa ndani, walinzi wako barabarani na mwizi yuko chini ya ardhi. Ndiyo maana sindano zina siku zake. Ni mbio. Mwili ukiwahi kutengeneza kingamwili za kutosha, mtu anaishi. Ukichelewa, hakuna daktari.

Tangu hapo sikumwambia mtu yeyote kesho. Mke wangu alisema nimekuwa mtu wa kuudhi. Nilihamishwa vituo vitano, na kila kituo mtu aliyekosa siku yake nilimfuata mpaka mnadani, mpaka kanisani, mara moja mpaka kwenye posa, nikamtoa mchumba mbele ya wakwe. Kituo cha mwisho ndicho hiki cha huku, mbele ya Katoro, kwenye machimbo.

Hapa nilifanya kazi na Sista Veredi. Si mtawa, ni muuguzi, mzaliwa wa Ushirombo, lakini wagonjwa wote humwita Sista na ana rozari kweli. Ile rozari ilikuwa kifaa cha kazi. Kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, na hakuna binadamu anayekubali kuoshwa dakika kumi na tano kwa kuambiwa tu. Anakwambia imetosha baada ya mbili. Sista alikuwa akianza rozari, mimi namimina maji na kusugua, na hakuna Mkatoliki wala mpagani aliyethubutu kuvuta mkono katikati ya Salamu Maria. Mimi si Mkatoliki, lakini matendo ya uchungu nimeyashika yote.

Shija alikuja asubuhi moja, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kilichojaa tumbaku. Mchimbaji wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kifua kipana, macho hayatulii. Mbwa wa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, alikuwa amemng'ata kiganja, akawang'ata na mbuzi wawili, akafa mwenyewe. Tulimwosha rozari nzima. Sista akamchoma ya kwanza. Kwa kidonda kilichozama hivyo kuna kitu kingine, kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinachomwa pale pale kwenye jeraha zishike zamu wakati mwili wako unatengeneza za kwake. Sisi hatukuwa nazo. Akaandikiwa barua ya rufaa, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni, na nikaiona sura yake nikajua barua hiyo safari yake imeishia hapo. Kwa hiyo tulibaki na sindano nne tu. Siku ya kwanza, siku ya tatu baada yake, ya saba, na ya kumi na nne.

Ya pili alikuja. Ya tatu hakuja.

Nilikaa mlangoni mpaka saa sita. Nikasimama, nikakaa. Sista akaniambia, "Mzee Luhende, unanitia kizunguzungu." Nikamwambia twende. Akasema zahanati haiwezi kufungwa, kuna kliniki ya watoto, twende kesho mapema. Lile neno. Sikulala vizuri. Kulipokucha nikapanga kibebeo cha chanjo, barafu zilizoanza kutoa jasho, chupa katikati, kipimajoto, tukapanda bodaboda wote wawili, mimi nimekipakata kama mjukuu.

Tulimkuta Shija mdomoni mwa duara, shimo lenyewe, anavuta kamba ya mawe na wenzake wanne kwa mkono ule ule ulioumwa. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikaitikia. Akasema hana shida yoyote. Nikamwambia ndiyo wakati wenyewe wa kuchomwa, ukiwa huna shida. Hapo akakunja mkono wa shati. Kwenye kifundo, kwenye kiwiko, begani, chale ndogo ndogo zimepangwa mbili mbili.

"Mimi ni mtoto wa Bayeye, mzee," akasema. "Babu yangu alikuwa anacheza na swila mbele ya watu. Mimi nimechanjwa dawa ya nyoka tangu nanyonya. Nyoka hanifanyi kitu. Mbwa ni nini?"

Mmoja wa wenzake akasema mbwa ni nyoka mwenye miguu, wakacheka, kamba ikalegea, aliye chini ya duara akatukana mpaka sauti ikatufikia juu. Mimi sikucheka. Bayeye, wacheza nyoka wa Kisukuma, nawafahamu tangu Kishapu, nawaheshimu, na sikwenda pale kumvunjia mtu babu yake. Sijui ile dawa inafanya nini, mimi nyoka hakuniuma. Lakini nilijua kosa liko wapi, na nilijua nikisema seli B nitaongea peke yangu. Pembeni kulikuwa na karasha linasaga mawe na beseni la zebaki, ambayo wanaishika kwa mikono mitupu, na hilo nalo nimewaambia mpaka nimechoka.

Nikamwuliza, "Zebaki hiyo ukiimwaga kwenye mchanga usio na dhahabu, inashika nini?"

"Haishiki kitu."

"Kwa nini? Si ni zebaki ile ile?"

"Zebaki inataka dhahabu, mzee. Mchanga haiujui."

"Na kinga ya nyoka inataka nyoka. Mbwa haimjui."

Akawaachia wenzake kamba. Nikaona amekaa juu ya ndoo, nikaendelea. Nikamwambia ndani ya mwili wake kuna wachimbaji wengi, kila mmoja anajua jiwe la aina moja tu. Yuko mmoja anayelijua jiwe la kichaa cha mbwa, lakini ni mmoja na amelala. Sindano ya kwanza ilimwonyesha sampuli. Sasa, watu wakikimbilia dhahabu mpya, hiyo rashi inaanzaje? Akajibu mwenyewe, mtu mmoja akipata, anapiga simu, kesho mko kumi, wiki ijayo ni mji, mahema, mama ntilie, kila kitu. Nikamwambia ndivyo hivyo. Yule mmoja anaita, wanazaliwa wa kwake, wanajaa, wanaanza kutoa zebaki yao inayomjua mdudu huyu tu. Lakini simu moja haitoshi kujaza machimbo. Na mdudu hangoji, anautafuta mshipa.

"Kwa hiyo sindano ni simu," akasema.

"Ni simu."

Akatoa bega. Sista alichoma, akaandika kwenye kadi, akanitazama kwa namna ambayo kwake ni pongezi. Njia nzima ya kurudi nilijisikia mtu mkubwa. Nawaambieni, siku mkijisikia hivyo kazini, rudini mkaangalie mliacha nini.

Ya nne tulikwenda siku yake hasa, hatukungoja. Kabla hatujafika niliona kuna kitu. Karasha halilii. Barabarani tulipishana na watu wamebeba masufuria, turubai, jogoo. Rashi mpya ilikuwa imetokea kwenye pori la upande wa Bukombe, na mji mzima ulikuwa unang'oa miguu. Nikamwambia kijana wa bodaboda aongeze mwendo, akaniambia mzee, mashimo. Shija tulimkuta anafunga godoro kwa kamba, sururu iko juu, kila kitu chake kiko hapo chini.

"Mzee," akasema kwa furaha ya kweli, "umechelewa. Rashi imeshajaa."

Nilidhani anasema ya Bukombe. Alikuwa anajigonga begani.

"Ulisema mwenyewe. Simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wameshafika. Nawasikia kabisa humu. Sasa mtu aliyekwisha fika unampigia simu ya nini? Atakuona hamnazo."

Sista akasema polepole, "Mzee Luhende, umemfundisha."

Nilichokuwa nimeacha siku ile ni kwamba wanaojaa huondoka. Zile seli nyingi zikimaliza kazi zinakufa, na kingamwili nazo zinapungua. Sindano za mwisho ndizo zinazozidisha idadi na kuwafanya wengine wabaki, wazee wa machimbo, wanaolikumbuka jiwe. Nililijua hilo miaka yote. Sikulisema kwa sababu mfano wangu ulikuwa mtamu na nilitaka kuumalizia pazuri.

"Wanaondoka, Shija," nikamwambia. "Ukiacha kupiga simu wanaondoka. Angalia hapa. Juzi palikuwa mji."

Akaangalia kweli. Vigingi vimeng'olewa, mafiga yamebaki meusi, mwanamke mmoja anakunja turubai la mwisho.

"Naona, mzee," akasema. "Ndiyo maana nami naondoka. Nikichelewa hata leo sipati pa kuchimba."

Nikamwambia ni kufumba na kufumbua, Sista yuko tayari. Sista alikuwa amefungua kibebeo, chupa ya unga mkono mmoja, maji yake mkono mwingine, hajachanganya, kwa sababu ukishachanganya hairudi. Alikuwa anasubiri bega. Shija akasema akifika huko atatafuta zahanati. Nikamwambia huko hakuna zahanati, kuna pori. Akasema basi kovu likimsumbua atarudi. Nikasikia kikombe kinarudishwa mezani.

Ndipo nikakaa juu ya godoro lake. Mzee wa umri wangu, na sare ya serikali, nikaketi katikati kabisa na kushika kamba kwa mikono miwili. Nikamwambia sitoki hapa mpaka nione bega. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akamwambia Shija kwamba ameoa mzee. Shija alicheka, akajaribu kunibembeleza, baba inuka, baba watu wanatuangalia. Sikuinuka. Akaangalia barabara, akaniangalia. Kwa muda kidogo mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha shati, nikamwona Sista anainua chupa kwenye mwanga. Lori likapiga honi.

"Godoro ni lako, mzee," akasema.

Akachukua sururu, akaenda zake. Hakukimbia. Nilimwita kwa jina, halafu nikamwita mtoto wa Bayeye, halafu nikaita tu. Alipita kwenye vigingi, akapita karasha, akawaomba mkono waliokuwa juu ya lori, wakampa, akautoa ule wa kulia. Sikumwona tena.